Dobi Nyoosha na mkojo uliokuwa ukirudi figoni

Mvuke unamfunika uso, na dobi huyu hangoji utawanyike. Ukosi wa shati umeshanyooka, sasa yuko kwenye mkono wa kushoto, na bado shati halijatoka mezani ameshavuta suruali inayofuata. Mikono yake imetulia. Shingo ndiyo haitulii. Kila baada ya muda inageuka kuelekea mlango wa nyuma, kwenye kichochoro chenye kamba za kuanikia, mabeseni na choo.

"Meneja!" anaita. "Umeshakwenda?"

"Nimekwenda!" sauti ya mtoto inajibu kutoka nje.

"Umesubiri kidogo?"

"Nasubiri, Baba. Naimba kwanza."

"Haya, imba. Halafu jaribu tena."

Mteja aliyekuja kuchukua mashati yake anaangua kicheko. "Kumbe hapa hata watoto mnawapitisha mara mbili kama suruali za marinda?"

Dobi anatabasamu nusu. "Zamani huyu akikojoa mara moja, kazi ilikuwa haijaisha," anasema, macho bado mlangoni. "Mkojo mwingine ulikuwa umeshapanda juu. Inabidi umngoje ushuke, ndiyo aende tena."

Daktari amekwisha kumwambia kwamba siku hizi hakuna haja ya kumsumbua mtoto namna hiyo. Amesikia, na ameitikia kwa kichwa. Lakini kuacha hawezi.

Mtaani wanamwita Nyoosha, kwa sababu neno hilo ndilo lililoandikwa kwa rangi ya mafuta juu ya mlango wa banda lake. Ana miaka thelathini na minane, na amepiga pasi nguo za watu tangu alipokuwa kijana wa kuazima viatu. Mkewe anafua, yeye ananyoosha. Binti yao wa kwanza, mwenye miaka minane, alipewa jina la Meneja na wateja, kwa jinsi alivyokuwa akiwaamuru wakae kwenye benchi na wasiguse nguo zisizo zao.

Nyumbani kwao, vyumba viwili upande wa pili wa barabara, yupo pia dada mkubwa wa Nyoosha. Ndiye aliyemlea dobi huyu, na ndiye aliyekuwa akishinda na Meneja wakati wazazi wako kazini. Nyumba nzima inamwita Shangazi, hata mke wa Nyoosha.

Homa zilianza Meneja alipokuwa na miaka mitatu na ushei. Zilikuja bila kikohozi, bila mafua, bila dalili ya kueleweka. Mtoto anaamka ana moto kama pasi, anatapika, anakataa chakula. Anapewa dawa ya kushusha homa, na dawa nyingine iliyobaki kwenye kabati. Siku mbili tatu, yuko uani anawaamuru kuku.

"Shangazi alisema ni meno," anakumbuka mkewe, akikamua shuka na kulitupia begani. "Meno yalipoisha kuota akasema ni malaria. Malaria ikapimwa, haipo. Akasema basi ni jicho la watu. Mimi nikawa nakubali kila kitu, ilimradi homa ishuke."

Kisha kukaja jambo lingine. Mtoto aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani akaanza upya. Mchana alikuwa akibana miguu, anachuchumaa ghafla katikati ya mchezo na kukalia kisigino chake, hataki kwenda chooni mpaka amechelewa. Alilalamika kwamba mkojo unamchoma. Shangazi akaona dawa ni kumnyima maji kuanzia alasiri.

"Nani angejua?" anasema Shangazi mwenyewe, akiwa ameketi kwenye benchi la wateja. "Mtoto analowesha godoro, unapunguza maji. Ungenishauri wakati ule nimwongezee, ningekuona umechanganyikiwa."

Siku ambayo mambo yalifika shingoni, Nyoosha alikuwa na koti la bwana harusi mezani. Harusi ilikuwa jioni ileile. Alikuwa anamalizia mgongo wa koti aliposikia Shangazi akipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Alimkuta Meneja ametupa macho juu, mwili unatetemeka, mikono imekakamaa.

Alimbeba vilevile alivyokuwa, miguu peku, akakimbia naye hadi kwa jirani mwenye pikipiki. Pasi aliiacha ilipo, kifudifudi juu ya koti.

"Muuza duka wa pembeni ndiye aliyeona moshi," anasimulia. "Banda lilipona. Koti, aa, koti lilitoboka pale katikati ya mgongo, umbo la pasi kabisa, hata ile ncha yake unaiona."

Bwana harusi alifunga ndoa kwa koti la kuazima ambalo mikono yake iliishia karibu na viwiko. Alikuja baada ya siku chache amefura, tayari kwa ugomvi. Alipoambiwa dobi yuko wapi na kwa nini, aligeuka akaondoka. Hadi leo ni mteja. "Ila hanipi makoti," Nyoosha anasema. "Na jina langu haliiti. Ananiita Mchoma Mgongo."

Hospitali waliutuliza ule mtetemeko, na kwa mara ya kwanza mtu akaomba kitu ambacho hakikuwahi kuombwa kote walikopita: mkojo wa mtoto. Majibu yalionyesha maambukizi, na yalikuwa yameshafika figoni. Meneja alilazwa, akachomwa sindano kwa siku kadhaa. Kipimo cha altrasaundi kikaonyesha figo ya kushoto imevimba kidogo, na mrija unaotoka hapo kwenda kwenye kibofu umetanuka.

Daktari wa watoto, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliwaita wazazi wote wawili kando ya kitanda. Aliona wamekodoa tu macho. Akachukua mrija wa kunywea maziwa uliokuwa kwenye kikombe cha mtoto, akaufuta, akauingiza ndani ya upindo wa shuka.

"Figo zinatengeneza mkojo," alianza. "Mkojo unateremka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, hadi kwenye kibofu. Mrija hausubiri mkojo uanguke wenyewe. Unajiminya kidogo kidogo kuusukuma chini. Sawa?"

"Sawa, daktari."

"Sasa, mrija hauingii kwenye kibofu kama msumari unavyoingia ukutani. Unaingia kwa kulala. Unapita umbali fulani ndani ya ukuta wa kibofu, kama mrija huu ulivyopita ndani ya upindo, halafu ndiyo unafunguka." Akakandamiza upindo kwa kiganja, na mrija ukabonyea ukalala bapa. "Kibofu kikijaa, kinakandamiza hivi. Kikijikaza ili mtoto akojoe, kinakandamiza zaidi. Njia ya kurudi inafungwa. Mkojo unabaki na mlango mmoja tu, wa kutokea nje."

Akauvuta mrija mpaka ikabaki ncha ndogo tu ndani ya upindo. Akakandamiza tena. Safari hii mrija haukubonyea.

"Kuna watoto wanazaliwa hivi. Kipande kilicho ndani ya ukuta ni kifupi, hakuna cha kukandamizwa. Kibofu kikijikaza, mkojo mwingine unatoka nje na mwingine unarudi ulikotoka. Ukiwa msafi, pengine usilete balaa. Lakini ukiwa na vijidudu, unavipandisha hadi kwenye figo. Homa inatoka huko. Na figo ikiungua mara kwa mara inabaki na makovu. Kovu la figo halifutiki."

Mke wa Nyoosha aliuliza swali lililokuwa likimkereketa tangu walipolazwa. "Ni kwa sababu tulimnyima maji?"

"Hamkumletea ninyi," daktari akasema. "Kama ndivyo ninavyodhani, alizaliwa nalo. Ila maji kidogo, kubana mkojo na choo kigumu vinaongeza moto. Mkojo unalala kibofuni, vijidudu vinazaana, na kibofu kinasukuma kwa nguvu zaidi. Lakini nataka picha kabla sijasema zaidi."

Picha hiyo ilipigwa wiki kadhaa baadaye, maambukizi yalipokwisha. Nyoosha anaikumbuka siku hiyo kuliko siku yoyote ya ugonjwa, na ndiyo anayoisimulia akiwa ameweka pasi chini.

Chumba cha eksirei kilikuwa na baridi. Meneja alilala chali kwenye meza, mpira mwembamba umeshawekwa kwenye njia yake ya mkojo, na dawa inayoonekana kwenye picha inatiririka polepole kujaza kibofu. Baba yake alisimama karibu, amevishwa aproni nzito ya kuzuia mionzi. Mpiga picha alikuwa kijana mcheshi. Kibofu kilipojaa, akamwambia, "Haya mrembo, sasa kojoa. Hapohapo ulipolala."

Meneja akamkazia macho. "Hapa kitandani?"

"Hiki si kitanda. Ni meza."

"Kwenye meza pia hatukojoi."

Walimbembeleza. Wakafungua bomba la maji ili asikie yakichuruzika. Wakamwagia maji ya uvuguvugu kwenye vidole vya miguu. Mtoto alibana midomo, akabana na miguu, machozi yanamtoka. Bila mkojo kutoka hakuna picha, kwa sababu kibofu hujikaza kweli wakati wa kukojoa, na hapo ndipo siri yote huonekana.

"Kwa nini hutaki, mama?" baba yake akamuuliza.

"Shangazi amesema nikikojoa tena kitandani, atanianika kwenye kamba pamoja na shuka langu."

Nyoosha aliomba ruhusa ya kutumia simu. Akaipiga nyumbani, akafungua sauti chumba kizima kisikie.

"Dada, mtoto amegoma kukojoa."

"Nani anamzuia?" Shangazi akafoka.

"Wewe."

Sauti ya Shangazi ikarudi, imelainika kama si yake. "Mpe simu. Mwanangu, unanisikia? Kojoa. Kojoa yote, usibakize. Hiyo meza si yetu, wenyewe wana watu wa kuifuta. Hakuna wa kukuanika. Nani akuanike nami nipo?"

Mpiga picha alikuwa bado anacheka Meneja alipoanza kukojoa. Kicheko chake kikakatika katikati. Kwenye skrini, dawa ilikuwa ikishuka kama inavyotakiwa, na papo hapo mstari mnene ukapanda upande wa kushoto, ukajipinda, ukafika juu na kuijaza figo.

"Niliona mkojo wa mwanangu ukienda juu," Nyoosha anasema. "Kwa macho yangu. Mtu akikusimulia unasikia tu. Ukiona, huwezi kuketi tena."

Kati ya ngazi tano ambazo madaktari hutumia kupima tatizo hilo, la Meneja lilikuwa la ngazi ya nne. Nyumbani, Shangazi aliambiwa jioni ileile. Kesho yake alilifua mwenyewe shuka la mtoto, akamwandalia na jagi la maji lenye kifuniko, akaliweka pale Meneja anapoweza kulifikia.

Daktari hakukimbilia kisu. Aliwaeleza kwamba kadiri mtoto anavyokua, kipande cha mrija kilicho ndani ya ukuta nacho hurefuka, na kwa watoto wengi wenye ngazi za chini njia ya kurudi huanza kujifunga yenyewe. Kwa ngazi ya nne matumaini ni madogo zaidi, lakini yapo. Wakapewa dozi ndogo ya dawa ya kuzuia maambukizi kila siku, matunda na mboga kwa wingi ili choo kiwe laini, maji ya kutosha, na amri ya kwenda chooni kwa saa, ahisi asihisi.

Hapo ndipo Nyoosha aliposahau kukaa. Kipimajoto kiliingia mfuko wa shati na hakikutoka. Alizoea kupiga pasi kwa mkono mmoja huku kiganja cha pili kikipapasa paji la uso la mtoto. Chakula alikila amesimama mlangoni. Akisikia mtoto wa jirani anakohoa, anauliza kama kapimwa mkojo.

"Alinipima hata mimi," mkewe anasema. "Nimelala zangu, nimechoka na beseni, nashtuka mtu ananiwekea kipimajoto kwapani. Nikamwambia, baba, ukiendelea hivi tutakulaza wewe."

Kwa karibu miaka miwili homa kubwa haikurudi. Meneja akaanza shule, na mama yake akaenda kumweleza mwalimu wa darasa kwamba mtoto akiomba ruhusa asizuiwe. Mwalimu huyo alihamishwa katikati ya mwaka. Aliyekuja baada yake hakuambiwa chochote. Aliona mtoto anayetoka darasani kila mara, akadhani anakwepa hesabu. Akamkalisha.

Meneja, ambaye alikuwa ameambiwa na nyumba nzima awasikilize wakubwa, akabana. Akabana siku ya kwanza, ya pili, wiki ikaisha. Ijumaa alirudi nyumbani anatembea ameinama, ubavu wa kushoto unamuuma. Jumapili akawa wodini.

Nyoosha alikwenda shuleni Jumatatu akiwa amekunja ngumi. Mwalimu alikuwa binti mdogo tu, kazi yake ya kwanza. Dobi akaanza kwa sauti ya juu, akamaliza kwa sauti ya kawaida, kwa sababu tayari mwalimu alikuwa analia.

"Ningepigana na nani pale?" anauliza. "Na yeye ni mtoto wa mtu. Nilimchukulia kalamu nikamwambia, shika, nikueleze kila kitu."

Mwalimu huyo alimtembelea Meneja wodini na kitabu cha hesabu. "Alinifundisha zote nilizokosa," Meneja anaingilia kati, akiwa amerudi kutoka chooni na mikono inayochuruzika maji. "Nikiwa nimelala! Hata mgonjwa hahurumiwi."

Baada ya maambukizi hayo kupenya ile dawa ya kila siku, daktari aliwaambia muda wa kungoja umekwisha. Figo ya kushoto ilikuwa imepata kovu. Daktari bingwa wa upasuaji angeutoa mrija pale ulipoingilia, aupitishe upya ndani ya ukuta wa kibofu, kwenye njia ndefu zaidi, ili kibofu kikijaa kiweze kuukandamiza.

Wiki hizo banda lilifungwa zaidi ya lilivyofunguliwa, na karibu nusu ya wateja wa siku zote wakahamia kwingine. Nyoosha hakuwafuata.

Asubuhi ya upasuaji mkewe alikaa kwenye kiti cha korido na khanga yake mdomoni. Yeye alitembea. Alikwenda hadi dirishani, akarudi hadi mlango wa chumba cha upasuaji, akaenda tena, mpaka muuguzi akamwomba atafute pa kutulia. Pembeni kulikuwa na toroli la mashuka yaliyofuliwa, yametupwa hovyo, hayajakunjwa. Akalitazama. Akachukua la kwanza.

"Sikuomba ruhusa," anasema. "Mikono ilikwenda yenyewe. Nikakunja moja, nikakunja jingine. Yule muuguzi akaja, nikajua nafukuzwa. Akaniangalia, akaenda kuniletea toroli la pili."

Alikuwa ameshika shuka pande zote mbili, kidevu kimelibana katikati, mlango ulipofunguka. Daktari wa upasuaji akavua kofia. "Kazi imekwenda vizuri," alisema. Nyoosha alijibu asante, akamalizia kukunja shuka, akaliweka juu ya mengine, akanyoosha mkono kuchukua jingine. Mkewe alimvuta shati.

Picha iliyopigwa miezi kadhaa baadaye ilionyesha dawa ikishuka, ikitoka, na hakuna kilichopanda. Safari hiyo Meneja alikojoa mezani bila kupigiwa simu na mtu. Kovu la figo litabaki. Atapimwa presha na mkojo mara kwa mara hata atakapokuwa mtu mzima. Daktari amelisema hilo wazi, na wazazi wanalirudia bila kulipunguza.

Utulivu, hata hivyo, haujaingia bandani. Miezi minne iliyopita Meneja alipata mdogo wake wa kiume. Daktari aliwakumbusha kwamba tatizo hili huweza kuwapata watoto wa tumbo moja. Nyoosha alianza upya: kiganja kwenye paji la uso, pua kwenye nepi, masikio kwenye kila kilio.

"Nilimbeba kwenda kwenye altrasaundi, nikamwambia yule mpimaji, usinifiche," anasema. "Akanionyesha. Figo mbili, saizi moja, mirija haijatanuka. Nikamwomba aangalie tena. Akaangalia. Nikamwomba tena, akazima mashine."

Mpimaji alimweleza kwamba kipimo hicho hakioni kila kitu, na kwamba mtoto akipata homa isiyoeleweka mkojo wake upimwe mara moja, bila kungoja meno. Shangazi, kwenye benchi, anasikia neno meno na kuangalia pembeni.

Sasa dobi ana mpango, na ndio unaomhangaisha tangu wiki iliyopita. Mama yake mzazi anaishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Miguu haimruhusu tena kusafiri. Hajawahi kumwona Meneja uso kwa uso, kwa sababu kabla ya ugonjwa nauli ilikosekana, na baada yake Nyoosha hakuthubutu kumpandisha mtoto huyo kwenye basi lisilosimama. Shule zikifungwa wanakwenda wote watano.

Ameshafika kituo cha mabasi kuuliza. Kondakta mmoja alimwambia basi lake husimama mara moja tu, wakati wa chakula. "Nikamwambia basi hilo si letu," anasema, akichomeka pasi upya. "Tutapanda magari madogo, mji hadi mji. Tukifika mji tunashuka, anakwenda, tunapanda jingine. Tukilala njiani, tutalala. Lakini mama yangu atamshika huyu mtoto."

Shangazi anadai ni wazimu mtupu. Ameshafunga mzigo wake.

Bibi naye, huko aliko, alipopata habari alimwita fundi. Choo kilichokuwa mbali nyuma ya nyumba kimejengwa kipya karibu na mlango, kina bati zima na komeo la ndani. Kisha akaomba aongee na mjukuu wake kwenye simu.

"Alikwambia nini?" mama yake anamuuliza sasa, ingawa jibu analijua.

Meneja anapanda kwenye benchi la wateja ili asikike vizuri.

"Bibi amesema nikifika nisimsalimie kwanza," anatangaza. "Nipite moja kwa moja niende. Halafu ndiyo nije nimpe shikamoo yake, yeye atakuwa amekaa hapohapo ananisubiri."